PS5 au Switch 2 kwa mtu wa RPG za Kijapani? Niko Lubumbashi

Kadogo_Katuba
Jambo bandugu. PS4 yangu imechoka, feni inanguruma kama jenereta ya baa. Nimeweka dola pembeni, zinatosha konsoli moja tu. Mimi si mtu wa mpira. Sali zote za plei mtaani ni mpira na ngumi, mimi napenda RPG za Kijapani, gemu za kuigiza mhusika kwenye hadithi, zile ndefu za maneno mengi. Ninazosubiri: sehemu ya tatu ya Final Fantasy VII Remake, Persona 4 Revival, Dragon Quest XII, na chochote watakachotoa wale wa Xenoblade. Nichukue ipi, PS5 ya Sony au Switch 2 ya Nintendo? Umeme wa kwetu mnaujua. Na Kiingereza nabahatisha, nasoma Kifaransa.

Mzee_wa_Zamu
Mdogo wangu, kwanza futa Dragon Quest XII kwenye hesabu. Ilitangazwa Mei 2021, miaka ikapita bila tarehe wala jina la konsoli. Kingdom Hearts IV vilevile, toka Aprili 2022. Dola zako usizifunge kwenye gemu ambayo hata wenyewe hawajui itatoka lini.

Zilizobaki zinagawana. Persona 4 Revival ilitangazwa Juni 2025 kwa PS5, Xbox na kompyuta, Switch 2 haikutajwa. Xenoblade ni Nintendo tu, maana Monolith Soft ni mali yao tangu 2007. Final Fantasy VII si ya Sony peke yake tena: Rebirth, sehemu ya pili, ilianza PS5 Februari 2024, Januari 2025 ikafika kwenye kompyuta, na Square Enix wamesema hadithi nzima itafika Switch 2. Kwa hiyo ukihesabu majina tu, hutapata jibu.

Mama_Junior
Jibu liko kwenye umeme. Mimi nina Switch ya zamani, ina betri na skrini yake, na umeme ukikatika naendelea kitandani, watoto wamelala. Kijana mwenye PS wa jirani yangu alikuwa ndani ya Palace, ngome ya adui, kwenye Persona 5 Royal. Humo huwezi kuhifadhi mchezo mpaka ufike kwenye chumba cha usalama. Umeme ukakatika akiwa mlangoni pa chumba chenyewe! Nilisikia kelele zake mpaka kwangu. Chukua Switch 2. Kanda nyingi (zile kadi ndogo za gemu) za Switch ya kwanza zinaingia: Xenoblade zote tatu, Dragon Quest XI S, Fire Emblem Three Houses. Hizo tu ni miaka ya kucheza.

Mzee_wa_Zamu
Mama Junior, kwa gemu za zamani sibishi. Lakini yeye anauliza zijazo, na hapo Switch 2 ina mtego. Gemu nyingi za makampuni mengine zinauzwa kwa kanda isiyo na gemu ndani. Ni ufunguo tu: unaichomeka, halafu unapakua gemu nzima. Bravely Default ya Switch 2 iko hivyo, Final Fantasy VII Remake Intergrade pia. Ukishika boksi, angalia chini mbele, kuna mkanda mweupe unaosema hivyo. Sasa mega (data) za kupakua zile utanunua kwa bei gani hapa? Halafu hiyo betri, Nintendo wenyewe wanasema ni kati ya saa 2 na 6 na nusu. RPG nzito itakupeleka kwenye ile 2.

PS5 ya diski inakuja na gemu. Rebirth ni diski mbili ndani ya boksi, unaingiza, inajinakili, basi. Ukimaliza unauza au unabadilishana.

Fundi_Kampemba
Nunua kompyuta.

Mzee_wa_Zamu
Na mega za Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, utalipa wewe?

Kadogo_Katuba
Asante wakubwa. Na Kifaransa je? Persona 5 niliicheza kwa Kiingereza, nusu ya hadithi ilinipita.

Mama_Junior
Hiyo ni ile ya 2017, huku kwetu ilikuja kwa Kiingereza tu. Royal ya 2020 ina Kifaransa, Metaphor: ReFantazio ya 2024 nayo inacho, Xenoblade pia. Geuza boksi usome lugha nyuma kabla ya kutoa pesa, hasa kama limepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Mzee_wa_Zamu
Kwangu mimi: PS5. Ila hakikisha ni ile yenye mlango wa diski, maana wauzaji wanakuletea ya dijitali kwa tabasamu na bei ya chini kidogo. Ukikuta Slim, ile PS5 nyembamba, ambayo mlango wake umewekwa baadaye, fahamu kwamba mara ya kwanza lazima iunganishwe na intaneti ili itambuliwe. Mwambie muuzaji afanye hivyo dukani, mbele yako.

Mama_Junior
Mimi bado nasema Switch 2. Lakini kama Persona ndiyo roho yako, sikuzuii.

Kadogo_Katuba
Persona ndiyo roho yangu, mama. Basi PS5, na onduleur juu yake, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika. Ile ndogo ya modemu itatosha?

Fundi_Kampemba
Hapana. PS5 ikicheza gemu nzito inakula kama wati 200, na televisheni bado hujaihesabu. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya onduleur, si VA, kipimo kingine kinachoandikwa hapo, VA siku zote inaonekana kubwa. Na hiyo ni ya kukupa dakika chache tu ufike kwenye chumba cha usalama, si ya kucheza usiku kucha.