Ufunguo wa SMS unaonekana kwenye brauza, nianzie wapi?

MtotoWaHombolo: Wakuu habari, nipo Dodoma, nimekabidhiwa mfumo wa kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, fundi wa kwanza kashahama mkoa, umejengwa kwa Next.js (zana ya kujengea tovuti kwa JavaScript) na mkulima akipima mzigo anapata SMS ya kilo na bei. Sasa nimebonyeza F12 nikaingia Sources, nikatafuta "Bearer", ufunguo wa kampuni ya SMS (nywila ya siri ambayo mfumo unatumia kutuma) huo hapo mzima mzima, yaani mtu yeyote anaweza kutuma ujumbe kwa jina la kikundi. Kwenye .env, faili la mipangilio ya mfumo, umeandikwa NEXT_PUBLIC_SMS_KEY. Nikitoa tu hilo neno la mbele inatosha? Wale wazee wanaamini kila SMS inayoingia, naogopa sana.

Fundi_Kizota: Haitoshi mkuu. Kwanza futa huo ufunguo kwenye akaunti ya SMS sasa hivi, chukua mpya, wa zamani ushatoka nje na kama faili liliingia git, panapotunzwa matoleo yote ya msimbo, bado upo kwenye historia. NEXT_PUBLIC_ maana yake unaiambia Next.js iandike thamani ndani ya JavaScript wakati wa kubildi, yaani kuuandaa mfumo kabla ya kuupandisha. Ukiitoa brauza haiuoni tena na fomu itaacha kutuma, kwa hiyo hamishia kazi hiyo kwenye ruti ya seva (anwani ambayo msimbo wake unabaki kwenye seva), app/api/tuma/route.ts, seva ndo iongee na kampuni.

DadaMakole: Naongezea kwa kaka hapo juu, ruti hiyo usiiache wazi, mtu ataiita moja kwa moja bila kuujua ufunguo na SMS zitaenda vilevile. Hakikisha anayeomba ameingia na ana ruhusa, namba zitoke databesi, ujumbe uutunge kwenye seva. Na faili linalogusa ufunguo weka juu import 'server-only', akija kijana mwingine akaliita kwenye komponenti ya "use client" (kipande cha ukurasa kinachoenda hadi kwenye brauza) bildi inagoma palepale. Naipenda hii kuliko kukumbushana.

MtotoWaHombolo: Asanteni, ufunguo nimeshaufuta. Kuna jingine, ukurasa wa mkulima unapeleka rekodi yake yote kwenye komponenti ya klayenti, namba ya NIDA ikiwemo, ila kwenye skrini haitokei. Nayo inaonekana?

Fundi_Kizota: Inaonekana, chochote unachokipa komponenti ya klayenti kama propsi (data ya kuonyesha) kinasafiri na ukurasa. Chagua jina na kilo tu hukohuko kwenye kweri (ombi la data kwa databesi), kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mkuu. Ukimaliza bildi upya, halafu tafuta kwa grep herufi za mwanzo za ufunguo mpya ndani ya .next/static, folda ya mafaili yanayoenda kwenye brauza, ikirudi tupu pandisha.