Bonde la Msimbazi: kabla ya kutubomolea wa chini, tuulize nani anajenga juu

Mleta mada, Kigogo

Wadau, habari za jioni. Hoja hii naileta nikiwa na upande, na nausema mapema: nyumba yangu iko Kigogo, Dar es Salaam, chini, kwenye bonde la mto Msimbazi. Ukuta wa sebule una mistari miwili ya maji. Wa chini ni wa Aprili 2018, umefika kwenye soketi. Wa juu ni wa Desemba 2011, tofali mbili juu ya swichi ya taa. Tumepaka rangi mara tatu na kila unyevu ukirudi mistari inarudi, kwa sababu tope la Msimbazi lina mafuta ya gereji na uchafu wa vyoo, na likishaingia kwenye plasta halitoki.

Mafuriko yale ya 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haikuonekana tangu 1954. Wenzetu wakapewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Desemba 2015 likaja tingatinga, na nyumba ambazo hazikufikiwa zikabaki na X nyekundu ukutani. Sasa upo mradi wa bonde wa dola milioni 260, mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania: kupanua mto, kujenga daraja refu Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi, na kuweka bustani ya jiji penye makazi ya watu. Sipingi hata kimoja. Nani asiyetaka daraja pale Jangwani, ambapo barabara ya Morogoro hufungwa kila mvua ikizidi?

Ninachouliza ni hiki. Maji yanayotuzamisha hayanyeshi Jangwani. Yananyesha vilima vya Pugu, Kisarawe, Kinyerezi, Segerea, Ukonga, na mengine yanakuja na mto Ng'ombe na vijito vya upande wa Ubungo. Msimbazi ni mto mfupi, kama kilomita 35 tu kutoka Pugu hadi Salender, unapoingia baharini. Marehemu baba alikuwa akisema mvua ya Pugu ya asubuhi tunaipokea jioni. Siku hizi shemeji yangu wa Kinyerezi akipiga simu kwamba huko kunanyesha, hatumalizi kupandisha magodoro juu ya kabati.

Kilichobadilika ni huko juu. Palipokuwa na mikorosho na miembe pana mabati, na uwanja umesakafiwa ukuta hadi ukuta. Ardhi iliyokuwa inakunywa maji sasa inayasukuma barabarani, barabara inayapeleka korongoni, na korongo linatuletea sisi. Sensa ya 2012 ilitukuta Dar watu milioni 4.36, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Watu milioni moja wa ziada hawakuja kukaa Jangwani. Wengi wamejenga pembezoni, na pembezoni ndiko mito inakoanzia.

Halafu kumbukeni Oktoba 2022. Mto Ruvu, unaotupa maji ya bomba, ulishuka, mgawo wa maji ukatangazwa jiji zima, na mtaani kwetu dumu la lita 20 lililouzwa shilingi 100 likafika 500. Mwaka mmoja baadaye, vuli ya El Niño, tukawa tunatoa maji ndani kwa ndoo. Najua Ruvu ni bonde jingine, msinirekebishe kwa hilo. Ninachosema ni kwamba mvua inayotuangukia tunaikimbiza baharini kwa saa chache, kisha tunakaa miezi tukisubiri bomba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua yetu ya mwaka ya kama milimita 1,100, linamwaga lita 110,000. Zidisheni kwa mapaa ya Segerea peke yake.

Hoja yangu: sheria ya mita 60 kutoka kingo za mto ianze na anayemwaga msingi leo huko juu, na kibali chochote cha ujenzi katika bonde zima kiwe na sharti la tangi au shimo la kunywesha ardhini maji ya paa. Karibuni.

Mchangiaji wa Tabata

Mkuu, nakuheshimu lakini unakwepa swali. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulishalitaja bonde hilo kuwa ni eneo la hatari. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, hicho cha mita 60, iko wazi. Mlionywa, mkahamishwa, mkarudi. Kila masika kuna watu wanaokolewa juu ya paa kwa kodi yetu sote. Mtu akiamua kulala kwenye njia ya maji, wa Kinyerezi ana kosa gani?

Mama wa Hananasif

Mwanangu wa Tabata, ngoja nikujibu mimi niliyerudi. Mabwepande nilipelekwa, tukaanzia kwenye mahema. Mimi nauza samaki, nanunua Feri saa kumi na moja alfajiri. Kutoka kule nilitakiwa kutoka nyumbani saa nane usiku, na gari la kwanza halijaamka. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya ndoo, ilikuwa inakula faida yote. Nilivumilia miezi saba. Kiwanja kile sikukidharau hata siku moja, ila watoto walikuwa wanalala njaa juu ya kiwanja.

Na unaposema tulionywa, nani alituonya? Nilinunua kwa dalali, tukaandikishana mbele ya mjumbe, ofisi ya mtaa ikachukua asilimia kumi yake na kugonga muhuri. Umeme nikaletewa mita. Leo nikinunua LUKU nakatwa kodi ya majengo. Nyumba inayolipa kodi ya majengo mwezi kwa mwezi, siku ya fidia inaambiwa si jengo halali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya maji.

Mhandisi wa maji, Ubungo

Mama Hananasif, shikamoo, na pole. Sina la kubisha hapo.

Kwa mleta mada nina masahihisho, kwa sababu hoja yako ni nzuri lakini umeipakia mzigo isioweza kuubeba. Umesema paa la mita 100 za mraba. Weka tangi la lita 5,000, ambalo wengi hawawezi kulinunua. Milimita 50 za mvua zinalijaza. Desemba 2011 ilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Kwa hiyo thuluthi moja ya mvua ingeingia kwenye tangi na thuluthi mbili zingekuja kwako vilevile. Na ardhi ya Pugu ikishalowa siku tatu, hata kama imejaa miti, hainywi tena kitu.

Pili, mchanga. Mto wako haujazidiwa na maji tu, umeinuliwa kitako. Kingo za Kinyerezi na Segerea zinabomoka, watu wanachimba mchanga mtoni wanauza kwa lori, na mvua ikija inabeba uliobaki hadi Jangwani, ambapo mto unatambaa na kuutua. Unachimbwa, unapakiwa, masika ijayo umerudi. Ukitaka kujua, nenda kasimame juu ya daraja kiangazi uangalie nafasi iliyobaki chini yake.

Tatu, bahari. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari ikiwa imejaa kupita kawaida, pale Salender, maji ya mto hayana pa kwenda, yanasimama na kurudi nyuma kutafuta nyumba. Mikoko ya mlangoni mwa mto ilikuwa inasaidia, nayo imepungua na iliyopo imejaa plastiki. Hapo tangi la mtu wa Segerea halina msaada. Panahitaji mto mpana na watu wasiwepo. Nalisema kwa uchungu, lakini nalisema.

Mkazi wa Kinyerezi

Naona sisi wa juu tumegeuzwa washitakiwa. Mimi nina hati, nina kibali cha ujenzi, nimefuata kila hatua na kila hatua ilinigharimu. Nyumba yangu iko mbali na mto. Sasa niambiwe nichimbe shimo uani kwa ajili ya mtu aliyejenga mtoni bila karatasi? Uwanja nimeusakafia kwa sababu tope lilikuwa linaingia ndani. Kila mtu anatafuta kukaa pakavu.

Mleta mada, Kigogo

Ndugu wa Kinyerezi, sijakushitaki. Umesema kila mtu anatafuta kukaa pakavu, na ndivyo ilivyo, ila ukavu wako unateremka. Maji yaliyokuwa yanalala uani kwako siku mbili yakizama taratibu, sasa yanafika kwangu kabla chai haijachemka. Hukukusudia, na hakuna ofisi iliyokuuliza yataenda wapi ulipoomba kibali.

Mhandisi, masahihisho nimeyapokea, na lile la bamvua nilikuwa silijui vizuri. Lakini nisaidie hapa. Mvua ya 2011 haiji kila mwaka. Inayotusumbua kila mwaka ni ile ya milimita 40, 50, inayoingia hadi magotini, inayoharibu unga na madaftari, na ambayo baadhi ya majirani wanaisubiri ili wafungulie vyoo. Mnajua kutapisha choo. Mtu hana pesa ya gari la maji taka, anatoboa karo mvua ikiwa imepamba moto, na kinyesi chote kinaondoka na mkondo. Ndivyo kipindupindu kinavyotembea. Hiyo mvua ndogo, ile theluthi yako ya tangi, si ndiyo yote?

Mhandisi wa maji, Ubungo

Ndiyo. Kwa mvua za kawaida uko sahihi, tangi na mashimo ya kunywesha yangepunguza kishindo kwa kiasi kikubwa, hasa udongo wa Kinyerezi wenye mchanga mwingi. Nakubali. Ninachokataa ni mtu asome mada hii aamini kwamba akitulia Kigogo na wa juu wakiweka matangi, atakuwa salama. Ile kubwa itakuja tena.

Msomaji wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Mwaka 2024, masika, mito yetu ilipofurika, serikali iliwabomolea watu wa Mathare na Mukuru waliokuwa ndani ya mita 30 za mto, wakaahidiwa shilingi 10,000 za Kenya kwa kila kaya. Kodi ya chumba na amana hata haitoshi. Wengi walisogea hatua chache wakajenga tena. Majumba makubwa yaliyobana mto kwingineko hayakuguswa kwa kasi ile ile. Kwa hivyo ndugu wa Kigogo anachouliza, sisi tulikiuliza tukiwa tumeshabomolewa. Ulizeni mapema.

Mchangiaji wa Tabata

Nimesoma ya Mama wa Hananasif mara mbili. Sikujua habari ya kodi ya majengo kwenye nyumba hizo. Bado nasema watu waondoke bondeni, lakini aliyechukua asilimia kumi na kugonga muhuri naye awemo kwenye hesabu ya fidia.

Ila nina wasiwasi mwingine ambao hakuna aliyeugusa. Mchoro wa mradi una bustani katikati na kando yake matuta ya ardhi iliyoinuliwa ya kujenga majengo mapya. Mama akiondoka na malipo ya vyumba vyake vinne, nani ataishi kwenye hayo majengo yanayotazama bustani? Kama eneo ni hatari kwa mama mwenye vyumba vinne na ni salama kwa ghorofa kwa sababu tu udongo umeinuliwa, basi mama apewe nafasi ya kwanza juu ya udongo huo.

Mama wa Hananasif

Hapo umenena mwanangu. Nipeni chumba kimoja juu ya hilo tuta, hata ghorofa ya nne, nitapanda na ndoo yangu ya samaki. Kutoka hapo hadi Feri naweza.

Mleta mada, Kigogo

Hilo la matuta naliongeza kwenye hoja. Na nitasema jambo ambalo mke wangu hajanisikia nikilisema: nikilipwa haki yangu, nitaondoka. Mistari ya ukutani nimechoka kuitazama. Ninachogoma ni kuondoka halafu miaka mitano mbele maji yawe yamehamia kwa wa Tabata na Vingunguti, kwa sababu juu hakuna aliyeguswa.

Mkazi wa Kinyerezi

Narudi. Baada ya kusoma yote haya nilitoka na futi kamba na mwanangu wa darasa la sita. Nilikuwa nasema niko mbali na mto kwa sababu mto mkubwa uko kule bondeni. Nyuma ya nyumba yangu kuna korongo, kiangazi halina tone, watoto wanachezea mpira ndani yake. Mvua ya vuli iliyopita lilikula mwembe mmoja na kona ya ukuta wa jirani. Nikauliza wazee wa hapa kama ni mto. Wakaniambia ni mto, una jina, na zamani ulikuwa na maji mwaka mzima.

Kutoka ukingo wake hadi msingi wangu ni mita 41. Kibali ninacho.

Kiwanja kinachofuata wameanza kumwaga msingi wiki hii, na lori la kifusi limekuja mara mbili kujaza ukingo. Nimepima na huko, ni mita 28. Kijana mwenyewe ni mtu wa kazi, amechukua mkopo, na bango la kibali liko getini. Kesho asubuhi mafundi wanafunga nondo. Niende nikamwambie nini, na nikitoka kwake niende ofisi gani?