Tupeane uzoefu: usingizi na umakini kwa sisi tuliovuka miaka 45

Ndugu zangu, wengi wa rika letu tunalalamikia jambo moja kwa namna tofauti. Mmoja husema anasahau, mwingine husema akili haitulii, mwingine husoma ukurasa uleule mara mbili asiambulie kitu, na karibu sote tunahitimisha kwamba ni umri. Naamini sehemu kubwa ya malalamiko hayo hutokana na usingizi, na kwamba kinachoyumba kwanza ni umakini, kwa kuwa jambo ambalo halikuingia akilini sawasawa haliwezi kukumbukwa baadaye.

Ni kweli kwamba kuanzia umri wa kati usingizi mzito hupungua, tunazinduka mara nyingi zaidi usiku, na saa ya mwili huanza kutulaza na kutuamsha mapema kuliko zamani. Hata hivyo, mahitaji yenyewe hayashuki sana: watu wazima hushauriwa kulala saa 7 hadi 9, na waliofika miaka 65 saa 7 hadi 8. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba aliyepungukiwa na usingizi hajioni. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, watu waliolala saa 6 au pungufu kila usiku kwa wiki 2 walizidi kushuka umakini siku hadi siku, mpaka wakafanana na watu waliokesha kabisa, ilhali wenyewe walihisi wamechoka kidogo tu. Kwa hiyo, mnapoeleza yaliyowapata, tafadhali semeni pia ni nani aliyeligundua tatizo.

Mhasibu, miaka 58:
Aliyeligundua ni mke wangu. Nilikuwa nalala kwa muda wa saa 8 kamili, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuushuku usingizi. Nilichokiona ni kwamba nilipolinganisha safu mbili za tarakimu, nilifika katikati nikajikuta sijui nilikuwa wapi, na mchana kope zilinilemea hata mtu akizungumza nami. Mke wangu alisema kwamba ninakoroma, kisha pumzi inakatika, kimya kinapita, halafu nashtuka kama mtu anayetoka majini. Daktari aliagiza nipimwe usiku mzima nikiwa nimefungwa vipimo vya pumzi, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni, na ikaonekana kwamba njia ya hewa kooni ilikuwa inajifunga mara nyingi kila saa, na kila mara ubongo ulilazimika kuniamsha kidogo ili nivute hewa, bila mimi kukumbuka lolote asubuhi. Sasa natumia mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa. Kuizoea si kazi ndogo, na nawasihi wanaoanza wasikate tamaa mapema, maana barakoa isiyokaa vizuri usoni hubadilishwa. Kusinzia mchana kuliisha kwanza. Uwezo wa kukaa na hesabu moja hadi mwisho ulirudi polepole baadaye.

Mama, miaka 51:
Kwangu ni kipindi cha kukoma hedhi. Joto hunipanda ghafla usiku, naamka nimelowa jasho, na siku inayofuata kwenye kikao nasikia maneno bila kushika hoja. Nguo nyepesi na chumba chenye ubaridi vimenisaidia kiasi, lakini kilichosaidia zaidi ni kumweleza daktari waziwazi, kwani matibabu yapo. Namuunga mkono kaka mhasibu: tatizo lake si la wanaume peke yao, kwa sababu baada ya hedhi kukoma hata sisi wanawake hulipata zaidi kuliko awali.

Mwalimu mstaafu, miaka 71:
Nilitumia vidonge vya usingizi kwa muda mrefu. Vilinilaza, ila asubuhi nilibaki na ukungu kichwani na miguu isiyo imara, na binti yangu ndiye aliyeona kwamba napoteza mtiririko wa mazungumzo. Dawa nyingi za kundi hilo huongeza hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa kwa wazee. Msiziache ghafla, kwani jambo hilo nalo lina hatari. Daktari wangu alizipunguza hatua kwa hatua, huku nikifundishwa tiba ya kubadili mazoea na mawazo kuhusu usingizi, ambayo tangu mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kinaitaja kuwa tiba ya kwanza kwa watu wazima wanaokosa usingizi kwa muda mrefu. Unaamka saa ileile kila siku, unaondoka kitandani usingizi usipokuja, na muda wa kukaa kitandani unapunguzwa kwanza, kisha unaongezwa usingizi unapokaza. Wiki za mwanzo ni ngumu kweli.

Kijana anayemtunza baba yake:
Shikamooni wakubwa. Baba ana miaka 78, husinzia kitini mapema jioni, huamka usiku wa manane na hawezi kulala tena. Mchana hafuatilii hata habari fupi. Nifanye nini?

Mwanzisha mada:
Marahaba, mwanangu. Jaribu kumweka kwenye mwanga mwingi na shughuli jioni, usingizi wa mchana uwe mfupi na usisogee jioni, kisha umpelekee daktari orodha ya dawa zake zote, kwa sababu baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazouzwa bila cheti nazo hupumbaza wazee. Mwulize pia huamka kwa sababu gani, kwani maumivu au haja ndogo ya mara kwa mara vina tiba yake. Lakini ikiwa kushindwa kufuatilia mambo kumeanza kwa saa au siku chache tu, usihangaike na ratiba ya kulala: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee huweza kuletwa na maambukizi, upungufu wa maji au dawa.