Mrejesho: magurudumu mapya ya baiskeli ya mbio

Habari zenu wakuu. Niliuliza nibadilishe magurudumu mazito yaliyokuja na baiskeli kwa yapi: kaboni yenye rimu (ukingo wa gurudumu unaoshika tairi) ya kina cha milimita 50, au alumini ya 30. Nimechukua alumini, na nimeshayaendesha kama kilomita 900, nyingi Barabara ya Magadi.

Aliyenionya kuhusu upepo wa Corner Baridi, penye mteremko mrefu kwenye barabara hiyo, asante sana. Pale upepo wa ubavuni unaisukuma baiskeli hata kwa rimu hizi za kina kifupi. Tena breki zangu ni za kubana rimu, na kaboni haipendi joto la mteremko mrefu namna ile.

Lakini tofauti kubwa kabisa imeletwa na tairi! Rimu hizi ni pana, milimita 19 kwa ndani, nikaweka tairi za upana wa milimita 28 badala ya 23 na kupunguza upepo wa ndani ya tairi hadi psi 75 (kipimo cha mgandamizo). Lami mbovu hainitii ganzi mikononi tena. Pimeni kwanza nafasi ya tairi kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele na kwenye breki. Kwangu zimebaki milimita 4 tu.

Spoku fundi alizikaza upya baada ya kilomita 200. Nina kilo 82, na rimu bado zimenyooka.