Mjadala: Kumtoa mtoto shule ya kulipia ili tulipe deni, ni kumtendea haki?

Mleta mada, Chamazi

Wakuu, nawasalimu. Naomba tulijadili hili bila kuoneana haya, maana najua siko peke yangu.

Mwezi wa saba niliwatoa wanangu wawili kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza nikawapeleka shule ya serikali ya hapa mtaani, Kayumba kama tunavyoziita. Mkubwa yuko darasa la tano, mdogo la pili. Sababu ni moja, deni. Mama mkwe hajanielewa mpaka leo. Wifi yangu alinitamkia msibani, watu wakisikia, kwamba nimewalipisha watoto madeni ambayo hawakuyala wao. Neno hilo limenikaa kooni. Kwa hiyo nauliza: mzazi mwenye deni ana haki ya kugusa shule ya mtoto, au shule haiguswi hata kama tunalala njaa?

Mimi nasema anayo haki, na kuna wakati ni wajibu wake kabisa. Hesabu zangu hizi hapa.

Nimeajiriwa, mume wangu ni fundi aluminiamu. Nikishakatwa mkopo wa benki na ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya chuo, mkononi inabaki 420,000. Mume kazi zikichanganya anavuka laki nane, zikikauka hafikishi mbili, tuseme wastani ni 530,000. Nyumba ni yetu, haijaisha lakini kodi hatulipi. Ada ilikuwa 1,400,000 kwa mwaka kila mtoto, na basi 40,000 kwa mwezi kila mmoja.

Januari ada ilitukuta mfukoni hamna kitu. Nikakopa milioni moja kwa mtu binafsi, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki akabaki nayo, na namba ya siri akaiandika nyuma ya daftari lake. Mshahara ukitoka namfuata dukani, tunaongozana kwa wakala, anatoa hela zote, anakata chake, kilichobaki ananihesabia kiganjani. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nasimama pale nasubiri kupewa mshahara wangu mwenyewe.

Februari hadi Juni nilimpa 200,000 kila mwezi. Jumla milioni moja kamili. Deni lilikuwa bado milioni moja, halijapungua hata shilingi.

Weka hapo rejesho la kikoba 150,000, basi 80,000, na 170,000 tuliyokuwa tunaitenga kwa awamu inayofuata ya ada. Laki sita zimeondoka. Kwenye 950,000 tunabaki na 350,000 ya chakula, umeme, maji, nauli, na Mungu asaidie asiumwe mtu. Tulishakata kila kinachokatika. King'amuzi kilizimwa tangu mwaka jana. Nyama ilihama kutoka Jumapili ikawa ya sikukuu. Mafuta napima ya mia tano. Ulezi ulipopanda nikapunguza uji, na mdogo akaanza kuamka usiku ananiambia, "Mama, tumbo linaongea." Hapo ndipo nilipoamua. Siwezi kumpandisha mtoto basi la njano asubuhi na usiku nikamlaza na njaa.

Kuanzia Julai shule inanitoka kama 50,000 kwa mwezi kwa wote wawili, michango ya uji na makande na masomo ya jioni. Laki mbili zikapatikana. Nilimwomba yule bwana riba aihesabu kwenye deni lililobaki, siyo kwenye milioni ya mwanzo. Alikataa mara mbili, mara ya tatu nilikwenda na mume wangu, akakubali shingo upande. Nikawa nampa 400,000 kila mwezi. Julai deni likashuka hadi 800,000, Agosti 560,000, Septemba 272,000, na Oktoba nikamaliza na 326,400. Kadi yangu ninayo mimi.

Haya, nisahihisheni.

Mwalimu wa sekondari, Kahama

Dada, pole na hongera. Mimi napingana na wewe, ila sikulaumu.

Kila Januari napokea kidato cha kwanza. Waliotoka Kayumba wamesoma miaka yote kwa Kiswahili, halafu ghafla baiolojia, jiografia, hisabati, vyote Kiingereza. Tunawapa wiki chache za kuzoea lugha, hazitoshi. Nina watoto wenye akili kali wanakaa kimya mpaka kidato cha pili kwa sababu swali hawajalielewa, jibu wanalo. Upimaji wa kidato cha pili unawakuta hapo hapo. Kwa hiyo deni hujalimaliza, umelihamisha. Ulilolipa Oktoba mtoto atalilipa akiwa na miaka 14.

Ungeuza hata kiwanja. Ungesimamisha ujenzi wa nyumba. Kwani hiyo nyumba isiyoisha inakwenda wapi?

Mwendesha bodaboda, Mbeya

Kiwanja gani, mwalimu? Amesema wanakaa kwenye hiyo nyumba isiyoisha. Auze wakapange, kodi ailipe nani?

Mimi nimesoma Kayumba, watoto wangu wanne wanasoma Kayumba, na tangu 2016 ada hakuna. Wengi wetu hatukuwahi kuwa na hiyo shule ya kuwatoa. Mama, umelipa deni, watoto wanakula. Songa.

Mtumishi, Dodoma

Mnagombania shule mnamwacha mwizi anapita. Asilimia 20 kwa mwezi! Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, hawa wa daraja la pili, wanaokopesha bila kupokea akiba za watu. Milioni moja kwa riba hiyo ni 35,000 kwa mwezi, dada yetu kalipa 200,000. Tofauti ni 165,000, yaani karibu sawa na ile 170,000 aliyokuwa anaitenga kwa ajili ya ada. Watoto wake wametolewa shule na riba.

Na wengi hawaelewi kwa nini kadi inashikwa. Mwajiri wa serikali anatakiwa akuachie angalau theluthi ya mshahara wako wa msingi, mkopo unaopita kwake hauwezi kukuvua nguo zote. Huyu wa mtaani hapiti kwa mwajiri. Ile theluthi uliyoachiwa ikishaingia benki, ndiyo yeye anaikuta na kadi yako mkononi. Kinga yote inaishia pale kwa wakala.

Kwa hiyo swali lako, dada, mimi naligeuza. Kabla ya kumgusa mtoto ungemuuliza yule bwana leseni yake iko wapi.

Mama wa watoto watatu, Mwanza

Ndugu wa Dodoma, unayosema ni kweli, lakini saa kumi jioni ada inadaiwa kesho nani anauliza leseni? Mimi sikufika hata kwa mtu, nilikopa kwenye simu, programu ya kupakua. Nilipochelewa siku tatu wakawatumia ujumbe watu walio kwenye simu yangu. Mchungaji wangu alipata. Mwalimu mkuu wa shule ya mwanangu alipata. "Mwambie fulani alipe deni, ni tapeli." Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni nilishukuru, ila mimi aibu ilishanipata zamani.

Nilichotaka kuuliza ni kingine. Dada wa Chamazi, hujasema neno kuhusu michango. Kadi za harusi, kipaimara, vikao vya kamati. Mimi mwaka jana nilipiga hesabu, michango peke yake ilizidi laki saba, na mikopo miwili niliichukua kwa ajili hiyo nisionekane najitenga. Mlikata hiyo kabla ya kukata shule? Na watoto mliwaambia kweli, au waliamka asubuhi wakavalishwa kaptula ya kaki?

Mzee mstaafu, Tanga

Wanangu, mie nasoma tu. Lakini huyo wifi aliyesema msibani, alichangia shilingi ngapi ya ada?

Mleta mada, Chamazi

Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili, moja nikiwa kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo.

Mzee wangu wa Tanga, shikamoo. Hakuchangia.

Mama wa Mwanza, michango tulikata, ila tulichelewa. Aprili nilitoa 100,000 ya harusi ya binamu wa mume wangu huku nikiwa nadaiwa. Niliona aibu kumwambia mwenyekiti wa kamati kwamba sina. Tangu Julai jibu letu ni moja, tutakuja kupika na kuosha vyombo, hela hatuna. Wawili wamenuna. Wa tatu alinifuata pembeni akasema na yeye anatamani angeweza kusema hivyo.

Watoto tuliwaambia. Mkubwa tulimkalisha mezani tukamfungulia daftari la matumizi, kila kitu, na jina la tunayemdai na la anayetudai. Alisoma polepole akauliza, "Kwa hiyo huyu tunampa hela kila mwezi na haziishi?" Mtoto wa miaka kumi. Alilia kwa ajili ya rafiki zake, hilo sitalificha. Siku ya kwanza alikwenda na ufagio wa chelewa na kidumu cha maji, na darasani wako 97, dawati moja watu wanne. Wiki ya pili akarudi na sifuri ya hisabati, yeye ambaye hisabati ndiyo chakula chake. Kumbe swali lilikuwa la KDS. Alikuwa anajua kuikokotoa kwa Kiingereza, hakujua kwamba KDS, kigawe kidogo cha shirika, ndiyo ile ile LCM aliyoizoea. Baba yake alikaa naye usiku kwa tochi ya simu, umeme umekatika, wakaandika maneno yote upande huu Kiswahili na upande huu Kiingereza, asili, kiasi, kigawo, kipeo. Karatasi hiyo imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chao.

Mwalimu, hapo ndipo ulipo na haki, na ndipo napata shida kukujibu. Nilichokiona kwa KDS wewe unakiona kwa kinyume chake, kila Januari, kwa watoto wengi. Sikubali kwamba nimelihamisha deni tu, kwa sababu deni la asilimia 20 lingeendelea kukua na kuwatoa shule lingewatoa vilevile, pengine mwakani katikati ya muhula, ada nusu imeshalipwa. Lakini lugha ni kweli wataipoteza nikikaa kimya.

Ndugu wa Dodoma, kuuliza leseni nimejifunza. Sikujua kuhusu hiyo 3.5. Ningeijua Januari ningekuwa na cha kusema pale dukani.

Sasa tumebaki na mvutano ndani ya nyumba. Mume wangu anataka Januari mkubwa arudi alikotoka, mdogo abaki. Anasema mmoja tunammudu. Mimi sitaki mmoja apande basi mwenzake akimwangalia akiwa na kidumu mkononi. Napendekeza wote wabaki, ile 170,000 tuliyokuwa tunaitenga nusu iende kwa mwalimu wa Kiingereza wa jioni, mara tatu kwa wiki, karatasi ya nyuma ya mlango iendelee, na nusu niiweke kwenye hisa za kikoba kwa ajili ya kidato cha kwanza. Kikoba tunavunja Desemba, kwa hiyo uamuzi lazima uwe umepatikana kabla ya hapo.

Aliyewahi kutenganisha watoto wa nyumba moja shule mbili za hali mbili tofauti, naomba anieleze ilikwendaje. Hata kama ilikwenda vizuri, niambieni, mume wangu naye anasoma hapa.