Mtoto kapewa kitabu cha kusoma likizo, zimebaki wiki tatu na yuko ukurasa wa 19

mama_watatu

Habari za humu ndani wapendwa. Naombeni ushauri hasa nyie mlioko Marekani na watoto wenu wanasoma shule ya kati, kwa huku ni darasa la sita mpaka la nane, maana wangu wa kwanza ndo kaingia huko na mambo yao mengi bado siyajui. Tuko Columbus, Ohio, tulitokea Tanga, huu mwaka wa nne. Kijana ana miaka 12, mwezi wa nane anaanza darasa la saba.

Siku ya kufunga shule alirudi na karatasi kwenye begi, nikadhani ni yale matangazo yao ya kawaida nikaibandika kwenye friji na sumaku nikaendelea na shughuli zangu. Juzi natafuta karatasi ya daktari wa meno ndo naisoma vizuri: vitabu viwili kabla shule haijafunguliwa, kimoja wamechagua wao kingine achague mwenyewe, kila sura aandike maelezo kwenye daftari, na wiki ya kwanza kuna mtihani wake na maksi zinahesabiwa. Kile cha lazima ni A Long Walk to Water cha Linda Sue Park, cha yule mvulana wa Sudan aliyekimbia vita.

Nikamuuliza umefikia wapi, akaniletea daftari limejaa kabisa, jamani nilifurahi. Usiku nikakaa nalo nikaanza kulisoma, nikaona hii lugha sio ya mwanangu. Asubuhi nikamuonyesha neno moja la mstari wa pili nikamwambia hili maana yake nini, akanyamaza akaangalia chini. Kumbe kaiambia akili mnemba kwenye simu ya binamu yake imwandikie sura zote. Kitabu chenyewe kafika ukurasa wa 19. Nikawa na hasira sana lakini aliponiambia kwanini, hasira ikaisha yote. Alisema mama, nikisoma maneno yanakimbia, nikifika chini ya ukurasa ya juu nimeshasahau.

Sasa kinachonichanganya ni kwamba huyu mtoto anaongea Kiingereza kama kazaliwa hapa, yeye ndo ananitafsiria mimi benki. Inakuwaje kitabu kimshinde? Na mimi nitamsaidiaje wakati Kiingereza changu ni cha kazini tu, nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka nyumbani saa kumi na mbili jioni. Nimwandikie mwalimu au nitakuwa nimemchongea mtoto? Naombeni mnisaidie.

---

mum_wa_boyz

Pole dada, usipaniki, hii ilinipata mwaka juzi na kijana wangu na ni kitabu hicho hicho. Sisi tuko Minnesota. Kwanza si kikubwa, ni sura 18 na nyingi ni kurasa sita saba hivi, ukipiga hesabu sura moja kwa siku wiki tatu zinatosha na anabaki na siku za kucheza.

Sasa kitu kimoja umwambie leo leo kabla hajaendelea. Karibu kila sura inaanza na kipande kifupi cha msichana anaitwa Nya, anatembea kuteka maji, hiyo inaanzia mwaka 2008. Halafu ndio inaruka kwa Salva, mwaka 1985, yuko shule vita inaingia. Ni watu wawili na miaka miwili tofauti. Wangu alisoma sura tatu akidhani ni hadithi moja, akawa anauliza huyu Salva mbona mara ni msichana, na mimi nikadhani ni uvivu tu anatafuta visingizio. Vile tulichora mistari miwili kwenye karatasi, juu Nya chini Salva, kila akimaliza kipande anaweka alama, ikaanza kueleweka.

Pili, mchukulie cha kusikiliza. Kama ana kadi ya maktaba weka programu ya Libby kwa simu, ile ya kuazima vitabu vya maktaba, ni bure, anatafuta kitabu cha sauti, anavaa earphone huku kitabu cha karatasi kiko mbele yake anafuata kwa kidole. Hayo maneno kukimbia yataisha kwa sababu kuna mtu anamshikia mwendo. Lakini fanya hiyo kitu leo, ikifika Agosti wazazi wote wanakumbuka siku moja na foleni inakuwa ndefu mpaka shule inafunguliwa bado hujapata.

---

mama_watatu

Asante sana dada, hiyo ya Nya na Salva nimemuuliza sasa hivi na kweli hakujua!! Kadi ya maktaba hatuna, niliogopa zile faini, watoto watatu vitabu vinapotea na mimi sina hela ya kulipa.

---

mum_wa_boyz

Columbus hawatozi faini ya kuchelewesha, waliifuta tangu Januari 2017. Mnalipa kitabu kikipotea kabisa. Nenda na kitambulisho chako na kitu kinachoonyesha unapoishi, kadi ni bure. Na huu msimu maktaba karibu zote wana mpango wao wa kusoma, watoto wanapewa zawadi wakisoma, muandikishe na wale wadogo.

---

dogo_wa_magomeni

Mi naomba nitofautiane kidogo na wakubwa. Likizo ni likizo, mtoto kasoma mwaka mzima, mwacheni apumzike. Huku Dar tumeharibu hivyo hivyo, shule inafungwa Juni watoto wanahamishiwa tuisheni asubuhi mpaka jioni, wanarudi shuleni wamechoka kuliko walivyofunga. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza hajui hata mpira, likizo yake yote ni madaftari. Kama hicho kitabu kinamtesa mwandikie mwalimu mwambie mtoto kashindwa, dunia haitaisha.

---

mwl_wa_zamani

Mdogo wangu wa Magomeni nakuelewa, tuisheni ya kukaririsha kutwa nzima hata mimi siikubali. Ila hapa tunaongelea nusu saa kwa siku, jioni anacheza mpira wake kama kawaida.

Mama watatu, nimefundisha sekondari Morogoro miaka 11, sasa ni mwalimu msaidizi wa watoto wanaojifunza Kiingereza hapa Texas, kwa hiyo hicho unachokiona nakiona kila siku. Kiingereza cha kuongea mtoto anakidaka mwaka mmoja au miwili uwanjani na wenzake. Kiingereza cha vitabu kinachukua miaka mitano mpaka saba, hilo limefanyiwa utafiti siku nyingi na sisi walimu tunalijua, ila wazazi hawaambiwi. Wako huku ana miaka minne tu. Huyo mtoto sio mvivu na wala sio mzito, yuko pale pale anapotakiwa kuwa. Mwambie hivyo hivyo kwa mdomo wako, kwasababu wengi wanakaa na aibu wanaona wenzao wamemaliza kitabu siku mbili, wanaanza kutafuta njia ya kuficha, na simu iko mkononi.

Mwalimu mwandikie, tena usisubiri. Huchongei. Sema mtoto ameanza, anasoma taratibu, unaomba mambo mawili tu: kusikiliza huku anafuata kwenye kitabu kuhesabike kama kusoma, na maelezo ya kila sura yawe mistari mitatu minne ya maneno yake mwenyewe. Andika kwa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua. Shule ya serikali huku inatakiwa kisheria kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni juu yao, hulipi wewe wala mtoto hatakiwi kugeuzwa mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Wazazi wetu wengi wanaona haya kudai hili, naomba msione haya.

Lile daftari la akili mnemba usilichane mbele yake. Mwache ageuze ukurasa mpya aanze upya, na maelezo yaende hivi: akimaliza sura afunge kitabu, akusimulie kwa Kiswahili, wewe uulize maswali, ndo akaandike kwa Kiingereza. Akishaielewa kwa Kiswahili kazi kubwa imeisha, anachotafuta sasa ni maneno.

Na kitabu cha pili tafadhali mama achague mwenyewe kweli kweli, asichaguliwe na mtu, hata kiwe cha michoro. Kuna watafiti mwaka 2010 walitoa matokeo ya utafiti wao wa Florida, waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu 12 kila likizo kwa miaka mitatu, watoto wanachagua wenyewe, na kusoma kwao kulipanda karibu sawa na kuwapeleka shule ya likizo. Vitabu tu mkononi, tena vya kuchagua wenyewe. Mimi binafsi huo mtihani wa wiki ya kwanza siupendi hata kidogo, unamfanya mtoto aanze mwaka mpya kwa woga na unamfundisha kwamba kitabu ni mtego. Lakini ndo utaratibu wao, tumsaidie apite.

---

kaka_wa_kasulu

Dada shikamoo na poleni na majukumu. Mimi ni Mkongo wa Uvira lakini nimekulia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu, Kigoma, tulifika 1997 nina miaka saba. Nimeona jina la hicho kitabu nikasema hapa lazima niandike.

Binti yangu alipewa hicho hicho, alikuwa na miaka 13. Mimi nilikuwa sijawahi kumwambia habari za kambi. Sio kwamba nilificha, ila unarudi kazini umechoka, mtoto yuko na mambo yake, siku zinaenda. Siku moja niko jikoni akaja na kitabu akaniuliza baba, hivi dumu limejaa maji linakaaje kichwani bila kushikwa? Nikacheka kwanza, halafu nikachukua kitenge cha mama yake nikakizungusha nikamfanyia kata, nikamuweka kichwani, nikachukua galoni la maziwa kwenye friji nikamwekea juu. Nikamwambia haya tembea mpaka mlangoni. Akaenda hatua tatu kalishika kwa mikono miwili. Nikamwambia hilo halifiki hata lita nne, sisi dumu lilikuwa la lita 20 na nilikuwa mdogo kuliko wewe. Akaliweka chini akaniangalia, akasema ulikuwa unachota wapi?

Basi tulikaa pale mpaka saa sita usiku. Nilimwambia foleni ya bombani, tulikuwa tunapanga madumu usiku na kila mtu ana alama yake, letu tulifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wake ili lisibadilishwe. Nilimwambia siku dada yangu alipopigana kwa sababu mtu kalisogeza dumu letu nyuma. Binti alikuwa anaandika pembeni ya kitabu kwa penseli, sikumkataza.

Kwa hiyo dada usiseme huwezi kumsaidia kwa sababu ya Kiingereza. Kiingereza mwalimu anacho. Habari za maji, za vita vya jirani, za kutembea mbali, za kuishi na watu wa kabila lingine mkiogopana, hayo wewe unayajua au mama yako anayajua. Muulize tu, kwenu maji mlikuwa mnateka wapi.

Ila nikutahadharishe, kuna sehemu nzito. Rafiki yake Salva anachukuliwa na simba, baadaye kuna kuvuka mto Gilo wakitoka Ethiopia, na watu wanakufa pale. Asizisome peke yake usiku wakati wewe uko kazini. Mke wangu alilia pale kwenye mto na yeye hakupita huko kabisa. Mwisho wa kitabu siwaambii, ila msiuruke.

---

mum_wa_boyz

Kaka nimesoma hiyo ya galoni ya maziwa mara mbili. Asante kwa kuandika.

---

dogo_wa_magomeni

Bro umenigusa sana. Kama kusoma ni hivi basi nakubali, mi nilikuwa naongelea zile kero za kukariri.

---

mama_watatu

Wapendwa nimerudi, zimepita siku tisa. Kwanza asanteni wote, Mungu awabariki.

Kadi tumepata, dakika kumi tu na hawakuniuliza maswali mengi. Cha sauti tulikuta foleni, tukasubiri siku mbili kikafunguka. Mwalimu nilimwandikia kwa Kiswahili kama mlivyosema, nikaogopa atashangaa, kajibu kesho yake kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na kompyuta lakini kimeeleweka, kakubali kusikiliza na kakubali mistari minne.

Tunasoma saa kumi jioni nikishaamka, kabla sijaenda kazini, wadogo zake wanakaa chini ya meza wanasikiliza. Tuko sura ya tisa. Kuna pale jangwani baba mdogo wa Salva anamwonyesha kichaka mbele anamwambia atembee mpaka pale tu, wakifika anamwonyesha kitu kingine cha mbele. Kijana siku hizi akichoka ananiambia mama leo tusome mpaka kichakani, anaweka kidole chini ya aya anayotaka kuishia, na mara nyingi anapita.

Nikafanya na lile la kaka wa Kasulu. Jumapili tukampigia bibi yake Tanga kwa video, nikamwambia kijana muulize mwenyewe. Bibi kwao ni Handeni, nilijua tu kwamba maji yalikuwa shida lakini sikuwahi kujua kwamba walikuwa wanaamka saa nane za usiku wakiwa watano wameshikana kanga kwa kuogopa fisi. Mama yangu mzazi, mimi nina miaka 36 sijawahi kumuuliza. Aliongea mpaka simu ikaisha chaji. Kijana kaandika kwenye daftari ukurasa na nusu, Kiingereza kina makosa, fisi kalitafuta jina lake kwenye kamusi kalipata, na yote kaandika yeye.

Sasa naomba msaada wa mwisho. Kitabu cha pili anataka cha mpira, sio cha maisha ya mchezaji maarufu, anataka hadithi ya watoto wanaocheza timu. Maktaba walimpa viwili akavirudisha kasema ni vya watoto wadogo. Kuna mwenye mtoto wa miaka 12 au 13 kasoma kimoja kizuri? Jumamosi ndo siku yangu ya mapumziko, nataka niende naye.