Ulinganisho: sei hai, chambo cha mpira au mnofu kwa halibuti wa maji marefu, boti ikielea

KijanaWaNordland
Wakuu, salaam. Naomba tulinganishe zana za halibuti (samaki bapa mkubwa wa maji baridi) huku kaskazini mwa Norwe. Boti ni ya alumini, futi 19, injini ya farasi 60. Maji ni mita 45 hadi 110, chini mchanga na kokoto, kingo zinashuka kwa ngazi. Injini inazimwa, boti inaachiwa iende na maji. Watu wawili, fimbo mbili.

Nimebaki na njia tatu: (a) sei hai (samaki wa huku, wadogo wake ni chambo) kwenye ndoana ya duara, (b) chambo cha mpira chenye kichwa cha risasi, (c) mnofu wa samaki mfu nyuma ya chubwi (risasi ya kuzamisha). Na uzi wa kusuka: mm 0.28 au 0.40? Dukani wanasukuma 0.40 kwamba ndio wa nguvu. Hela inatosha seti moja nzuri na moja ya kawaida, si mbili nzuri.

NahodhaWaOmo
Mkuu, kabla ya chambo soma GPS. Zima injini, subiri dakika mbili boti itulie, uone inakwenda kasi gani. Hiyo namba ndiyo itakayokuchagulia chambo, siyo duka.

Maili moja ya bahari kwa saa ni takriban mita 31 kwa dakika. Chini ya maili 0.4 boti karibu imesimama: chambo cha mpira kinakosa uhai, sei hai anafanya kazi mwenyewe na mnofu unapata muda wa kutoa harufu. Kati ya 0.5 na 1.2 zote tatu zinafanya kazi, na mpira unang'ara kwa sababu unafagia eneo kubwa. Ikipita 1.5, kila kitu kinapaa kutoka chini na unavua maji matupu. Hapo ni parachuti ya baharini (mfuko wa kitambaa unaokokotwa majini kupunguza mwendo wa boti) au uhamie nyuma ya kisiwa.

Kuhusu uzi, chukua 0.28. Nguvu ya maji juu ya uzi inakwenda na unene wake: 0.40 inabeba msukumo wa asilimia 43 zaidi ya 0.28. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana chubwi la gramu 300 linaloshika chini vizuri asubuhi linaelea kama kizibo maji yakianza kukimbia. Uzi mzuri wa 0.28 unabeba kilo 20 na zaidi, na breki yako haitapita kilo 8 hadi 10. Nguvu ya ziada ya 0.40 huitumii popote, ila gharama yake unailipa kila unaposhusha.

Angalia na pembe. Mshipi ukilala nyuzi 45, kufika mita 80 unahitaji mita 113 za uzi. Ukilala nyuzi 60 kutoka wima, ni mita 160, na kwa kweli ni zaidi kwa sababu uzi unajikunja tumbo. Ukishapita 45 huhisi tena chini. Unadhani umegusa kumbe ni mkondo unavuta. Pandisha, ongeza risasi, ushushe upya. Kuongeza uzi tu ni kujidanganya.

Mama_Ndoana
Nakubaliana na Nahodha kuhusu 0.28 isipokuwa kwa jambo moja: kokoto na kingo. Uzi wa kusuka ukikwaruza jiwe mara moja umekwisha. Weka mbele yake mita 8 hadi 10 za nailoni ya mm 0.9, uunge kwa fundo jembamba linalopita kwenye pete za fimbo bila kugonga. Hiyo ndiyo itakayosugua mwamba, na kunyumbuka kwake kunameza mtikiso samaki akipiga kichwa.

Sasa sei hai. Watu wengi wanaharibu hapa.

Sei awe wa sentimita 25 hadi 35. Mkubwa zaidi anavutia halibuti mkubwa, lakini anamwezesha huyo halibuti kumshika mkia na kumwachia bila kugusa ndoana. Uzi wa mwisho ni nailoni ya mm 1.2, urefu mita 1.5 hadi 2, ndoana ya duara namba 14/0 hadi 16/0. Ipitishe kwenye mdomo wa juu au pua, kati kabisa, ncha ibaki wazi. Ikipita upande, sei anazunguka kama feni, na baada ya kushusha mara tatu uzi wako ni kamba ya katani. Swiveli (kiungo kinachozunguka) yenye gololi inapunguza, haiponyi.

Chubwi lisikae kwenye mshipi mkuu. Lifunge kwenye kiuzi cha pembeni cha sentimita 70 hadi 80, nailoni dhaifu ya mm 0.50. Likinasa jiweni kinakatika hicho peke yake, unapoteza risasi tu. Wanaofunga chubwi kwa uzi ule ule wa 1.2 wanaacha kila kitu chini, pamoja na sei.

Kina cha mita 60 anza na gramu 250 hadi 300. Mita 100, gramu 400 hadi 500. Gusa chini, pandisha mita moja na nusu hadi tatu, kaa hapo. Kila dakika moja au mbili gusa tena, maana chini hakuko sawa.

Na akipiga: USIVUTE. Wengine wanahisi dundo, damu inapanda, wanainua fimbo hadi angani, ndoana ya duara inatoka mdomoni safi kama ilivyoingia. Acha breki kwenye kilo moja hadi mbili, aondoke na chambo. Ukihisi uzito wa moja kwa moja usiopigapiga, sukuma mkono wa breki mbele taratibu, zungusha rili, fimbo ielekee majini. Ndoana inajigeuza yenyewe na kushika pembe ya mdomo. Wavuvi wa halibuti wa Alaska walihamia ndoana hii kwenye kaputi zao (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) miaka ya 1980, na sababu ilikuwa hiyo hiyo: inashika bila mtu kuvuta.

Rili_na_Risasi
Dada Mama_Ndoana ameeleza vizuri, ila hajasema gharama ya sei hai: lazima kwanza umvue, umweke kwenye tangi lenye maji yanayobadilika, na siku sei hawapo huna chambo. Kwa boti ya futi 19 na watu wawili, mimi nauweka mpira mbele.

Mpira wa sentimita 22 hadi 28, mkia mpana. Kichwa gramu 200 kwa mita 40 hadi 50, gramu 300 hadi 400 kwa mita 80, maji yakikimbia ongeza. Kosa kubwa liko kwenye ndoana: ile moja ya kichwani imekaa mbele mno, na halibuti mara nyingi anabana nyuma. Unahisi dundo, unapandisha, mpira hauna mkia. Ongeza ndoana ya nyuma kwa uzi wa kusuka mnene, ifike theluthi mbili ya urefu wa mpira, tumboni. Ukitarajia kuachia samaki, iwe ya ncha moja, siyo ya ncha tatu. Ile ya ncha tatu inaingia kwenye matamvua (mashavu ya kupumulia) na samaki unayemrudisha anakufa kimya kimya.

Namna ya kuchezesha: shusha hadi chini, zungusha rili mara tano hadi nane polepole, simama kidogo, rudisha chini. Hakuna haja ya kurusha mkono juu na chini kutwa nzima. Halibuti ni jamii ya samaki bapa kama gayogayo wetu, lakini halali mchangani akisubiri tu. Anafuata, na anaweza kupanda makumi ya mita nyuma ya chambo. Kwa hiyo ukipandisha kubadilisha mahali, mita 20 za mwisho vuta taratibu, na simama kidogo kabla ya kutoa chambo majini.

Hapa, tofauti na ndoana ya duara, unapiga. Fimbo fupi ya mita 1.8 hadi 2.1, ngumu chini, laini nchani. Seti yako nzuri nunua kwa ajili ya hii, kwa sababu unaishika mkononi siku nzima. Ile ya kawaida ikae kwenye kishikio na sei au mnofu.

Mama_Ndoana
Kwenye kugawa seti hapo umenishinda, nakubali. Ila mpira kwenye maji ya maili 0.3 ni kupoteza siku.

BahariKuu907
Kuhusu (c), mnofu. Huku Alaska ndio mfalme, lakini sababu ni tofauti na ya kwenu. Ghuba ya Cook, pale Homer, maji yanapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 8 siku za bamvua (maji makubwa). Boti nyingi zinatia nanga, zinaweka chubwi la ratili moja hadi mbili au zaidi, na harufu inasafiri na mkondo hadi kwa samaki. Mnofu unafanya kazi kwa sababu *umesimama*. Ukielea unaacha harufu yako nyuma, na samaki anayeifuata hakupati.

Ukitaka kuutumia ukielea, fanya siku ya mwendo mdogo. Kata herini au makreli kwa mshazari, ngozi ibaki, kipande cha sentimita 12 hadi 15, ndoana ipite mara mbili upande mmoja tu. Ukikitoboa kati, kinazunguka. Kagua kila robo saa: samaki wadogo wanakula nyama wanaacha ngozi, na wewe juu huna habari.

Usije ukaiga nanga kwa boti ya futi 19 kwenye mita 80. Unahitaji kamba mara tatu ya kina, mita 240, yenye boya la kujichomoa, na ifungwe OMO (mbele ya boti). Ukifunga tezi (nyuma) kwenye mkondo, maji yanaingia nyuma na boti inazama haraka kuliko unavyoweza kukata kamba.

Mpemba_wa_Mshipi
Wakuu, mimi ni wa mshipi wa mkono, chewa na changu, halibuti sijui. Naona mnasahau kalenda ya mwezi. Huku kwetu maji marefu tunavua maji mafu (maji madogo), bamvua tunaacha. Huko haiko hivyo? Na je, mshipi wa mkono hauwezi?

NahodhaWaOmo
Iko hivyo hivyo, shehe. Siku za bamvua dirisha lako ni saa moja hivi kabla na baada ya maji kusimama. Maji mafu unapata karibu siku nzima. Ila maji yakisimama kabisa, halibuti naye mara nyingi analala. Muda mzuri ni maji yanapoanza kutembea tena. Na sehemu kama Saltstraumen, mlango wa bahari wenye mkondo mkali huko Nordland, katikati ya mkondo hapaendwi na boti ndogo kabisa.

Mshipi wa mkono: nailoni nene inawezekana, ila mita 100 zake zinanyumbuka hadi hujui kilichogusa. Uzi wa kusuka mkononi, hapana. Samaki wa kilo 50 akigeuka, unakata kidole hadi mfupa. Usiuzungushe kiganjani hata kidogo.

KijanaWaNordland
Asanteni sana. Na kumwingiza botini? Hiyo ndiyo inayonitisha.

Rili_na_Risasi
Inapaswa kukutisha. Amua kabla ya kumgusa: unamchukua au unamwachia? Chora alama ya sentimita 84 na ya mita 2 kwenye ubavu wa boti. Chini ya 84 anarudi majini kisheria, na anayezidi mita 2 naye anaachiwa; wakubwa sana wana zebaki nyingi. Kwa makadirio, sentimita 100 ni kama kilo 12, sentimita 150 ni kilo 43 hadi 45, mita 2 inakaribia kilo 110. Kwa kuachia, usimtoe majini. Shika uzi wa mwisho kwa glavu, chomoa ndoana kwa koleo refu akiwa ubavuni.

Anayechukuliwa chini ya kilo 20 hivi, kingoe (ndoano ya mpini) chini ya taya kinatosha. Zaidi ya hapo ni chusa chenye kamba ya mita 5 na boya. Lenga nyuma ya kichwa, karibu na uti, wakati ametulia. Akikimbia, anakimbia na boya, siyo na mkono wako. Kisha kata matamvua akiwa bado nje, mfunge mkia kwa kitanzi, mwache avuje damu hadi aache kupiga. Akiingia hai kwenye boti ya alumini anavunja fimbo, tangi na miguu. Wengi wanamwona ametulia juu ya maji wanadhani amechoka. Hajachoka, hajajua bado.

Na jaketi la kuokolea livaliwe muda wote. Boti ya chini ya mita 8 ikiwa mwendoni ni sheria.

KijanaWaNordland
Swali la mwisho: parachuti nifunge wapi, na tuvulie upande gani? Jaribio la kwanza mshipi mmoja ulikuwa unasugua mkuku muda wote.

NahodhaWaOmo
Mlivulia upande wa demani (upepo unakoelekea). Upepo unaisukuma boti kwenda demani, kwa hiyo inaupita mshipi juu yake. Vulieni wote joshini (upepo unakotoka), mishipi iende mbali na boti. Mwenye chubwi zito akae karibu na omo, mwenye jepesi karibu na tezi, na asishushe hadi wa kwanza aguse chini, vinginevyo itasukana.

Parachuti ya kipenyo cha mita 1.5 hadi 2 inatosha. Ifunge joshini, katikati ya ubavu, boti ikae kimshazari na fimbo zote mbili zipate nafasi. Mawimbi yakikua, ihamishie omo hata kama nafasi inabana. Kamba yake iwe na kikamba cha pili kwenye ncha, chenye boya, ili samaki akipiga uivute ikunjike kwa sekunde chache. Ukimwachia aipitie mara moja, kazi inayobaki ni kufumua.